Sentimita Tisini

Afisa alikuja na futi kamba,
akaupima mlango mara mbili, kama fundi cherehani
asiyekiamini kiuno alichokipata.
"Mninga huu," akasema, akaupapasa. "Msiuguse."
Akapiga picha nane. Mama, kitandani, akahesabu mimuliko.
"Wanaupiga picha mlango," akaninong'oneza,
"hawaulizi mimi natokaje."

Choo kiko nyuma, ng'ambo ya ua,
hatua ishirini na sita kwa miguu yangu.
Kwa yake sizihesabu. Masika haya ameanguka mara mbili,
mara ya pili akabaki pale pale chini, akicheka
ili nisilie.

Mbaruku hupiga simu kutoka Dar es Salaam.
Kichwani mwake ameshajenga: ghorofa tatu,
chini fremu sita za maduka, vigae hadi ngazini.
"Udongo na fito, dada! Tunalinda kichuguu?"
Kichuguu hicho ndicho kilichokulipia ada, namwambia,
vitumbua vya alfajiri, hapa hapa barazani,
Barabara ya Kumi na Nne nzima ikinukia iliki.
Alipokuwa akikaa, sakafu imebonyea;
mvua ikinyesha maji hutuama humo,
kuku wa jirani hunywa.

Lakini nisiseme uongo.
Ukuta wa sebule unatoka chumvi
tangu tulipoukandika saruji.
Fundi Mhando aliugonga kwa konzi, akasikiliza.
"Chokaa ilikuwa inapumua. Mmeiziba pua."
Na boriti ya tatu imeliwa, limebaki ganda.
Nyumba haiponi kwa kusifiwa.

Baba alipokufa tuligawana kwa mafungu,
kadhi akatoa hesabu, kila mtu akatia sahihi.
Hakuna aliyeuliza kivuli cha asubuhi ni cha nani,
wala ufa.

Jumatatu tukabomoa nyuma. Choo sasa kiko chumbani.
Mbele hatukugusa, ila jambo moja:
Fundi Mhando amelikata baraza,
akatengeneza mteremko, upana wa fimbo na mtu wa kumshika,
akakikwepa kile kibonyeo kwa shubiri moja.

Afisa amerudi. Amepima. Ameandika kwenye fomu:
*Uharibifu, sentimita tisini.*
Mama amesimama mbele yake, juani,
barabarani, kwa miguu yake,
mara ya kwanza tangu Ramadhani.
"Andika vizuri, mwanangu," anamwambia.
"Na mimi ni wa zamani."