Spika ya Kushoto

Baa imefungwa mwaka wa tatu sasa,
Mtoni Mtongani, nyuma ya gereji.
Viti vimeuzwa, friji limeuzwa,
imebaki spika moja, ya kushoto,
kubwa kama kabati la bibi harusi,
juu ya kaunta, uso umetoboka
pale chupa ya mtu ilipomkosa mtu.

Humo ndimo walimohamia.

Hatukuwaona wakija. Tulisikia tu,
mchana mmoja mkavu wa Februari,
spika isiyo na waya ikinguruma.
Bi Skolastika akafanya ishara ya msalaba mara mbili,
akasema, huyo marehemu, anajaribu mitambo.

Sasa mpangaji anataka kufungua duka la dawa.
Nyuki watoke kabla ya tarehe moja.
Ndipo akaitwa Luhende, mzaliwa wa Sikonge,
ambaye usiku kucha hulinda magari yasiyo na injini,
na ambaye kwao, anasema, mtu huhesabiwa
kwa mizinga aliyotundika, si kwa mabati.

Mimi kazi yangu ni taa.
Simu ina chaji asilimia kumi na nne,
nimeiviringishia karatasi nyekundu ya biskuti.
"Nyekundu hawaioni," kasema Luhende,
"kwao hiyo ni giza lenye adabu."
Sikuja kwa mapenzi ya nyuki.
Nilikuwa keshia hapa. Nadai miezi miwili.
Mdai hachagui giza.

Saa nne na nusu. Amevaa koti la mvua,
chandarua kichwani, soksi mikononi,
kopo la maziwa linafuka makumbi ya nazi.
Anapuliza taratibu, kama anayempoozea mtoto uji.
Anawaambia kitu kwa Kinyamwezi,
nami sikielewi, na wao, wazaliwa wa Temeke,
sidhani kama wanakielewa,
ila moshi ni lugha ya taifa.

Skrubu ya kwanza. Ya pili imeshika kutu.
Ubao unaachia, na ndani,
sikuwahi kuona usiku wenye vyumba vingi hivyo:
masega yamefuata mviringo wa koni iliyokufa,
meupe ya juzi, ya kahawia, meusi ya mwaka wa kwanza,
na sumaku katikati imezibwa nta
kama jino.

Mmoja kanichoma chini ya jicho.
Taa ikacheza ukutani.
"Tulia. Huyo kalipa roho, wewe umelipa shavu."
Nikatulia. Sijui nililia kwa sumu
au kwa ile harufu: mwarobaini, mbao, moshi,
na kwa mbali, bia.

Kisu kinazama bila kubisha hodi.
Sega juu ya sega kwenye ndoo ya rangi
aliyoisugua kwa majivu siku mbili.
Kisha anaacha. Matatu bado yananing'inia.

"Mbona unabakiza?" Bi Skolastika mlangoni,
kanga mpaka puani. "Nimekulipa uondoe yote."
"Hayo hayana asali, mama. Hiyo ni chekechea.
Alfajiri nitawabeba na nyumba yao."

Tulionja palepale, tumesimama.
Bi Skolastika akalamba kidole, akanyamaza,
akachovya tena, na tena,
akasema kama anayelaumu: "Ina chumvi."
"Mikoko," kasema Luhende, kisu kikielekea Kizinga.
"Wanakula maua yanayooshwa miguu na bahari
mara mbili kwa siku."

Nikapewa chupa tano za bia zilizojaa.
Miezi miwili, chupa tano.
Nikapiga hesabu: haitoshi.
Nikachukua.
Nimeweka moja dirishani, naitazama,
deni langu, zito, halina haraka,
ubawa mmoja umenasa shingoni.

Na alfajiri ile, barabara ya Kilwa,
mkokoteni, spika imefungwa shuka la maua,
Luhende akisukuma, mimi nikishika pembe,
ndani wakinguruma kwa hasira ya kuhamishwa.
Kijana mmoja kituoni, usingizi machoni:
"Mzee, disko wapi leo?"

Luhende hakugeuka.
"Bado," alisema. "Tunajaribu mitambo."