Waya Juu, Waya Chini

Miaka thelathini na moja nilipanda nguzo.
Waya niliujua kwa sauti:
wa shaba huimba, wa alumini hukohoa,
uliokatika hunyamaza kimya usichotaka kukikaribia.
Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani,
nikarudi chini ya nyaya zilezile, hapa Njiru,
kwenye ukanda usioruhusiwa nyumba,
nikapanda viazi.

Msimu wa kwanza Syombua wa chipsi
alichagua kimoja, akakikata, akakiinua kwenye mwanga.
"Fundi, hiki ni kiazi au filimbi?"
Tundu huku, tundu kule,
jembamba, safi, kama la keekee.
Wateja walicheka.
Gunia langu lililala pale mlangoni
hadi viazi vikachipua.

Nikachimba, nikamwona:
mgumu, rangi ya shaba iliyosuguliwa,
ukimkunja hakunjiki, ukimbana anateleza.
Mwanangu Mumo akasema, "Baba, huyu ni waya."
Na kweli, wakulima humwita mnyoo-waya,
ingawa si mnyoo, ni mtoto wa mbawakawa.
Kumbe kuna laini nyingine imepita chini,
haina mita, haina bili,
na mlipaji ni mimi.

Duka la pembejeo lilinipa chupa nyeupe.
Nilisoma onyo mpaka nukta ya mwisho.
(Kazini kwetu, aliyesoma onyo ndiye aliyezeeka.)
Nikatazama mtaro ulipoelekea,
watoto na madumu yao ya manjano,
nikairudisha chupa rafuni.

Chelagat wa kilimo alikuja na pikipiki yenye tope,
hakutazama viazi. Aliuliza:
"Kabla yako palikuwa na nini?"
Nyasi.
"Tangu lini?"
Tangu minara isimamishwe.
"Basi mgeni ni wewe. Hawa hukaa udongoni
miaka mitatu, hata minne.
Usitafute siku moja ya kuwamaliza."

Akanionyesha: kata kiazi, toa macho,
kichome kijiti, kizike shubiri moja,
acha kijiti kichungulie.
Baada ya siku tano, vuta.
Nilivuta kama mtu avutaye fyuzi, polepole,
nao walikuwa wamejikita kwenye nyama ya kiazi,
vichwa ndani, mikia nje.
Mkebe wa maji ya sabuni ukawapokea.

Nilifungua daftari langu la zamani la hitilafu.
Kijiti cha tatu: wanne.
Cha sita: hakuna.
Cha tisa, karibu na mguu wa mnara: kumi na saba.

Januari, ardhi ikiwa kavu, nililima bila kupanda.
Yangeyange walifika kwanza,
kisha korongo wa Dandora, wale wazee wa makoti,
wakapita mstari kwa mstari
kama wakaguzi wasiopokea chai.
Masika nikapanda haradali,
nikaikatakata mbichi, nikaifukia.
Syombua alipita akauliza kama nimerukwa na akili:
mtu anayezika mboga!

Usiku mmoja mbawakawa alianguka mezani, chali.
Akatulia. Halafu: tak!
Akaruka, akasimama kwa miguu yake.
Kijiko kilinitoka mkononi.
Sauti ile ni ya swichi.
Ndiyo aliyoisikia Ambundo juu ya nguzo, Kariobangi,
mtu wa chini alipowasha bila kuuliza.
Miaka kumi na tisa sasa.
Mumo alishika kandambili, nikamzuia,
nikamfunika mdudu kwa glasi, nikakaa naye
mpaka chai ikapoa.
Asubuhi nilimpa korongo.

Viazi nilivirudisha msimu uliofuata,
nikavivuna mapema, havikukaa udongoni kungoja bei.
Syombua alikata kumi mbele ya watu.
Tisa safi. Cha kumi kina tundu;
akalichonga kwa ncha ya kisu, akalitupa,
akatia kilichobaki kwenye mafuta.

Jioni niliandika:
Laini ya chini, Njiru. Uvujaji umepungua.
Hitilafu haijaisha.
Fundi yuko kazini.