Mistari Miwili ya Sahihi

Fomu ina mistari miwili ya sahihi.
Wake ameshaujaza kwa kalamu ya kijani,
herufi zimelala sawasawa kama mashati yake.
Wangu uko wazi tangu Jumatano.

Ofisi iko Ngara, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la zipu na vifungo.
Nimepanda peke yangu. Nimemwambia Musyoki
natafuta vifungo vya sare ya Mumbua.

Mchungaji alisema kidole kimoja hakivunji chawa,
nendeni pamoja, mkaongee.
Mkono mmoja, nikamjibu moyoni,
ulivunja taya.

Bi. Chelagat hanisukumi. Ananimiminia maji.
"Humu ndani, mkiwa wawili,
utaweza kusema lipi?"

Nahesabu.
Kwamba anachelewa, naweza.
Bili ya stima, naweza.
Usiku wa Madaraka, mwiko, sakafu,
Mumbua mlangoni na soksi moja,
siwezi.

"Na ukilisema?"

Kikao ni saa moja.
Halafu kuna ngazi. Halafu kuna gari,
na foleni ya Barabara ya Jogoo hadi Donholm,
na yeye hupunguza redio kwanza.
Hapigi kelele. Hupunguza redio,
kisha taratibu: "Pale ulimaanisha nini?"

Nilitaka sana yawe ni maneno tu,
kwamba hatukuelewana,
kwamba kuna lugha tungefundishwa ukubwani
kama watu wa ngumbaru.
Lakini tulielewana. Mimi nilimwelewa
kabla hajainuka kitini.

Kwa haki nitasema: amelia.
Ameacha pombe, mwezi wa nne huu
(usiku wa Madaraka hakuwa amelewa).
Jumapili alimsuka mtoto, vibaya,
na Mumbua akaenda shule vivyo hivyo, akiringa.
Hilo nalo nimepanda nalo ngazi.

"Aanze yeye," asema Bi. Chelagat,
"kwa wanaoshughulika na mkono, si na ndoa.
Wewe njoo peke yako. Siku nyingine, saa nyingine.
Sofa hii ya wawili itangoja.
Pengine itangoja tu."

Hakuna aliyenipigia makofi.
Nimeiacha fomu kwenye droo yake,
mstari wangu mweupe,
na ufunguo akauzungusha mara mbili.

Chini, dukani, nikachagua vifungo vinne vya buluu.
Shilingi arobaini.
Nikaomba risiti.