Ukuta wa Chumba cha Tatu

Vyumba sita, Chikongola, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Tulivijenga mwaka ule gesi ilipokuwa habari ya kila mdomo,
mume wangu akisema: wageni wanakuja, Somoe, wageni na mishahara.
Wageni walikuja. Wakaondoka.
Ikabaki chumvi, inakula lipu kutoka chini
kama mtoto anavyokula andazi, kwa pembe pembe.

Fundi Nnunduma alipita na futi yake ya chuma,
akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza
kama mimi ninavyosikiliza vifua vya wazee kule Ligula.
"Laki nne kila chumba. Ufundi tu. Saruji yako, mchanga wako."
Nne mara sita. Nilizidisha mara mbili, jibu halikupungua.
Na malipo ya pili ya korosho bado yako njiani,
njia ambayo hakuna anayeijua.

Nikasema: mikono ninayo.
Nimeshona watu, nitashindwa na ukuta?

Likizo yangu yote ikaingia chumba cha tatu.
Nilikoroga kwa koleo la shemeji,
ndoo tatu za mchanga kwa moja ya saruji,
bila kuiba. Nimwibie nani?
Lipu ikashika nywele zangu, ikaukataa ukuta.
Nikatupa tena.
Siku ya nne mgongo ukaanza kunisemesha Kimakonde,
lugha ya mama akikasirika.
Siku ya tisa nikapiga hesabu nyingine:
posho za zamu za usiku, dawa ya kuchua,
kodi ya mwezi ambayo haikuingia.
Laki tano na ushee. Chumba kimoja.

Nnunduma alikuja bila kuitwa.
Akashusha timazi. Kamba ikasimama wima, ukuta ukainama
kama mtu anayetaka kukunong'oneza.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
"Vitano vilivyobaki," akasema, "bei ileile."
"Bei ileile. Ila mifuko nahesabu mimi, na ndoo nasimamia."
Akanitazama. "Tatu kwa moja?"
"Tatu kwa moja. Najua sasa inavyonata kidoleni."

Cha tatu nilimkataza kuvunja.
Amepanga kijana wa bandarini, Chihumpu.
Aliomba apunguziwe elfu tano kwa ule mwinamo, nikampunguzia.
Kabati lake kaliwekea kipande cha ubao mguuni.
Jana kaja kuazima nyundo;
yake imevunjika mpini.
Msumari, anasema, hauingii.