Mstari wa Katikati

Miaka thelathini na mmoja nimeshika kalamu mezani,
kando ya saa ya mchezo na chupa ya maji ya refa,
nikiandika nani kafunga, nani kafanya madhambi.
Kitabu hakijui kitu kingine.
Ndiyo maana Geneva Wubben, ukimtafuta
katika vitabu vya kale, vya enzi za baba yangu,
utamkuta na sifuri.

Sifuri, mechi tisini na nne.

Iowa ya siku hizo wasichana walicheza sita kwa sita,
watatu huku, watatu kule,
unadunda mara mbili, basi, toa mpira,
na mstari wa katikati hauvukwi:
mbio ndefu, walisema, zitawadhuru moyo.
Wasichana hao hao walioamka saa kumi alfajiri
kuwabebea nguruwe ndoo za pumba, theluji magotini.
Geneva alikuwa mlinzi.
Alipokonya mpira, akaufikisha mstarini, akaukabidhi,
akasimama mikono kiunoni
akitazama migongo ya wenzake wakienda kufunga.

Alirudi kutoka chuoni na shahada ya hesabu.
Kocha wetu alikuwa amehamia Omaha kuuza bima;
mkuu wa shule akamwambia, "Shika wewe, mpaka tupate mtu."
Mtu hakupatikana.
Mwaka wa kwanza tulishinda mara mbili,
na mojawapo wapinzani walikwama njiani kwa tufani.

Wiki mbili za mwanzo hakuwapa mpira.
Aliwachorea pembe sakafuni kwa chaki,
akawatembeza kinyumenyume hadi mapaja yakawaka moto.
"Miguu kwanza," alisema. "Mikono ina kiherehere."

Themanini na tano benki zikaanza kula mashamba.
Kwa kina Haverkamp dalali alipanda juu ya gari la nafaka,
akauza trekta, akauza nguruwe, akauza meza ya jikoni,
akafikia lile goli lenye kutu kwenye ukuta wa ghala.
Kimya. Joleen, nambari kumi na mbili wetu,
alikuwa anahesabu matundu ya kamba za viatu vyake.
"Dola nne," ikasema sauti nyuma.
Jumatatu goli lilikuwa juu ya nguzo
nyuma ya nyumba ya kupanga walikohamia.
Kocha alikuja kazini na plasta vidole vitatu.
Hakuna aliyemuuliza.

Tulifika Des Moines mara moja tu.
Pointi moja. Kamba ikakatikia pale pembamba,
mpira wetu wa mwisho ukizunguka ukingoni
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani
mlangoni kwake mwenyewe.
Ndani ya basi, maili sitini, hakutoa neno.
Kisha: "Nani ana njaa?"

Tisini na tatu sheria ikabadilika: watano, uwanja mzima.
Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwona, kabla ya wasichana,
akivuka mstari. Akarudi. Akavuka tena
kama mtu anayejaribu barafu ya bwawa.

Mahindi yalizidi kustawi, watoto wakapungua.
Wakaiunganisha shule yetu na ya jirani,
ukumbi wakaupa chama cha ushirika waweke mbolea.

Usiku wa mechi ya mwisho, watu walipokwisha kutoka
na harufu ya bisi imeganda hewani,
alinitaka niache taa moja.
Akavua viatu vya ofisini. Akasimama na soksi
upande ule asiokuwa akiruhusiwa,
akarusha.

Uligonga chuma, ukaruka, ukavingirika chini ya viti.
Nilikuwa nimeshafungua kitabu.
"Usiandike," alisema, akicheka hadi akashika ubavu.
"Hata mimi ningejizuia."

Sikuandika.
Lakini nilimwachia mstari mmoja, mtupu,
chini ya majina yote ya usiku ule.