Sifuri na Kistari

Kutoka Muheza hadi juu Amani ni pikipiki ya Kaniki,
elfu kumi na tano kama barabara imekauka;
kukiwa na tope, tunapatana njiani.
Mgongoni nina bisibisi, waya wa shaba,
mswaki wa zamani wa mwanangu,
na betri inayonigonga uti kila kona
kama mdai asiyechoka.

Kituo chenyewe ni kiwanja cha nyasi, seng'enge,
kibanda cheupe chenye mbavu za mbao,
na kipimamvua kilichosimama peke yake,
mdomo wazi, kinda la ndege.

Nafungua kibanda: nyigu.
Wamejenga kwa udongo, vyumba saba,
juu ya waya wa kupima unyevu.
Nawaomba radhi kwa Kisambaa, Kiswahili hawakisikii,
kisha nakwangua.
Paneli ya jua imeota ukijani; naipiga mswaki.
Vikombe vya upepo vinalia kwi, kwi.
Tone la mafuta. Vinanyamaza.

Halafu mvua.
Mashine inasema: siku kumi na moja, sifuri.
Sifuri! Na buti zangu zinacheua maji,
na Kaniki pale getini anakamua koti
kama anafua nepi.
Nachungulia faneli.
Jani moja la msambu limelala juu ya tundu,
kiganja juu ya mdomo wa shahidi.
Mvua yote ile ilikuja, ikabisha hodi,
ikaambiwa wenyewe hawapo.

Napanda juu ya jiwe, ndipo mtandao ulipo.
Bwana Mbaruku, ofisini Tanga, anacheka:
"Weka wastani, Mwanahija. Nani atajua?"
Kweli, nani?
Msitu hausomi majedwali.

Ndani ya sanduku la bati limo daftari la Shemzigwa
aliyepima hapa kabla ya mashine,
miaka ishirini na sita, saa tatu kamili asubuhi,
kwa kalamu ya risasi, maana wino hulia ukinyeshewa.
Nne nukta mbili. Sitini na moja nukta nane.
Na sifuri zake, duara zilizofungwa vizuri,
sifuri za mtu aliyekwenda, akainama,
akakuta pakavu, akarudi na umande miguuni.
Ila Aprili moja, siku tatu mfululizo,
kistari,
kistari,
kistari.
Pembeni, kwa herufi za kubana:
*Sikuwepo. Nilimzika Nasoro.*
Siku ya nne: kumi na saba nukta nne.

Sikumjua Nasoro. Sijui kama alikuwa mtoto au kaka.
Najua tu kwamba ilinyesha au haikunyesha juu ya kaburi lake
na Shemzigwa hakuisingizia mvua.

Sifuri ni kiapo: nilitazama, hapakuwa na kitu.
Kistari ni kuungama.
Nachora kumi na moja, mkono ukiwa na baridi,
vingine vimepinda.
Pembeni naandika: *Jani.*
Mbaruku atapiga simu Jumatatu. Apige.

Namimina maji ya jagi polepole kwenye faneli
nione kama kijiko cha ndani kinapinduka.
Tak.
Kaniki anapiga honi, wingu limeshuka hadi kwenye waya.
Namwinulia kidole: ngoja.
Tak.
Nahesabu.