Sarafu ya Lifti

Lifti yetu haina haya.
Inameza tetri ishirini, inafunga mlango,
inakupandisha hadi ghorofa ya nne
halafu inasimama kuwaza.
Mimi nakaa ya tisa.
Nina kilo tatu za viazi na goti la kushoto
ambalo halitaki tena kusikia habari za ngazi.

Zamani nilikuwa naupiga mlango ngumi.
Hasira hasara, na hasara yangu ilivimba:
siku mbili sikuweza kushika kijiko.
Tangu hapo nahesabu skrubu.
Kibao cha vitufe kina skrubu kumi na moja,
matundu kumi na mawili.
Nikimaliza kuhesabu naitafuta ile iliyopotea.
Naipangia maisha: iko mfukoni mwa fundi,
au inashikilia mguu wa kitanda huko Rustavi,
kitanda cha mtu anayelala vizuri.
Kwa kawaida, kabla sijamwoza binti wa mtu huyo,
lifti inakohoa, tunaondoka.

Si mimi peke yangu.
Zaur wa ya pili, maji yakikatika na povu lingali shavuni,
hutoka roshanini na taulo begani
akamalizia kunyoa kwa maji ya chupa, yale yenye gesi,
taratibu, kama bwana harusi.
Bomba likirudi kukoroma huliambia,
"Ngoja kwanza."

Makvala wa ya sita hapigi simu kampuni ya gesi
bila nyundo na bakuli la jozi,
kokwa zile zenye sura ya ubongo.
Wanamwekea piano ileile, dakika arobaini,
naye anavunja: ta, ta, ta.
Ukisikia harufu ya mchuzi wa jozi ngazini
ujue bili imekuja na kosa.
Majira ya baridi yaliyopita
tulikula vizuri sana.

Otia wa teksi ana daftari
la matusi ambayo hakuyatoa.
Tarehe, mtaa, rangi ya gari la mkosaji.
Siku moja alilisahau kwenye benchi, nikafungua
(nani asingefungua?)
nikajikuta ukurasa wa kumi na nne:
"Jirani wa ya tisa. Mlango. Saa tano usiku."
Neno lililofuata alikuwa amelifuta kwa kalamu,
akalifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.
Siku hizi nafunga mlango kwa mikono miwili.

Nami nina kiberiti kando ya mlango.
Hakina njiti. Kina sarafu mbili, kila asubuhi mbili,
moja yangu, moja ya Geno,
ambaye katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa
hakuwahi kurudi nyumbani na chenji.
Alisimama uani akaita jina langu
hadi mbwa wa mtaa mzima wakalijua.
Nilifungua dirisha, nikaviringisha sarafu ndani ya soksi,
nikaitupa pamoja na maneno ambayo Otia
angehitaji daftari jipya kuyaandika.
Lifti haikuwahi kunikera kama soksi ile.

Tangu Novemba hakuna anayeita.
Sarafu ya pili nailaza, naiamsha.
Sijui kuweka moja. Mkono wenyewe haujui.

Jana mvulana wa vifurushi, kofia ya njano,
akasimama palepale uani akapaza sauti:
"Mama! Sina sarafu!"
Nikaisikia ikipanda kutoka tumboni,
ile hasira ya zamani, na viatu vyake vichafu,
nikamwachia njia apite.
Nikafungua dirisha.
Nikamwambia yote: kwamba hana akili,
kwamba mfuko umeshonwa kwa ajili ya nini,
kwamba chakula kinapoa.
Hapakuwa na chakula.

Kisha nikatupa soksi.
Upepo ukaichukua kidogo.
Ikamkosa kwa hatua mbili.

Geno naye hakuwahi kudaka.